UZI: Kipimo kiko mfukoni, mbona roho haitulii? Tujadili vifaa vya afya vya kubeba

#1 MpimaMakini

Wakuu, habari zenu.

Mashine ya presha, kipimo cha sukari, oksimita ya kidoleni inayopima oksijeni kwenye damu, saa janja: vitu vilivyokuwa vya hospitali sasa viko kwenye droo na mikononi mwa watu. Ila ukisikiliza wanavyovizungumzia, utakuta pande mbili. Kuna wanaopima kila saa, na kila namba inawaongezea wasiwasi. Kuna waliopima mara moja, wakakutana na namba ya kutisha, wakafungia kifaa kabatini na kusema vidude hivi vinadanganya.

Msimamo wangu ni kwamba hofu hiyo na dharau hiyo zinatoka chanzo kimoja. Mtu hajui kupima sawasawa, na hajaamua mapema kwamba namba ikitoka ataifanyia nini. Naanza na presha kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi.

Mkanda kwanza. Chukua futi ya kushonea, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima mara nyingi umeandikwa sm 22–32. Mkono wa sm 36 ukifungwa mkanda huo, namba itatoka juu kuliko presha halisi, kwa sababu mfuko wa hewa hauzunguki mkono vya kutosha na unahitaji nguvu zaidi kuubana mshipa. Mtu anaanza kuogopa ugonjwa wakati tatizo ni saizi.

Mkao. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, kibofu kitupu, mkono umelala mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo. Kila sm 10 mkanda ukishuka chini ya moyo, mashine inaongeza karibu alama 8 za bure. Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita angalau nusu saa. Usiongee wala usichati wakati mashine inapumua. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya sweta, na usikunje shati hadi likabana juu ya mkanda.

Ratiba. Vipimo viwili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku 7. Tupa siku ya kwanza, siku sita zilizobaki tafuta wastani. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi, hapo ndipo kuna hoja ya kumpelekea daktari. Kwa kipimo cha kliniki, mpaka unaotumika sehemu nyingi ni 140/90. Ndiyo maana mtu akilinganisha namba za nyumbani na za kliniki bila kujua hilo, anachanganyikiwa.

Karibuni mchangie, hasa wenye utaalamu wa vifaa vingine.

---

#2 Nesi_wa_Zamu

Umeanza vizuri mkuu. Naongezea kuhusu wale wanaorudia rudia.

Mtu anapima, anaona 152. Anashtuka, anabonyeza tena papo hapo, inatoka 158. Anabonyeza tena. Mwili wenye hofu unamwaga homoni zinazokaza mishipa na kuharakisha moyo, na mkono ambao umebanwa muda huu huu haujapata nafasi ya kurudi hali yake. Kwa hiyo anakuwa anapima hofu yake. Dawa ni kuweka sheria kwenye karatasi kabla ya kugusa mashine: vipimo viwili, naandika, nafunga boksi. Kama amezidiwa na hamu ya kupima, boksi likae kwa mtu mwingine ndani ya nyumba hadi jioni.

Karatasi hiyo hiyo iandikwe lini ni dharura. Namba ya juu ikizidi 180, au ya chini ikizidi 120: tulia dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, udhaifu wa upande mmoja, ulimi kuwa mzito, macho kutoona vizuri au kuchanganyikiwa, huo ni mwendo wa hospitali bila kusubiri. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Usijiongezee kidonge.

Na dalili hizo zikija, hata mashine ikionyesha 128/80, nenda. Kifaa hakifuti dalili.

---

#3 Mgeni77

Swali kwa wataalamu. Mashine moja, mkono mmoja, dakika chache: 148, 139, 135. Je, ni mbovu? Maana watu wengi wanaitupa wakiona hivyo.

---

#4 fundi_sensa

@Mgeni77 hiyo ni nzima kabisa. Presha yenyewe inabadilika pigo kwa pigo, na kipimo cha kwanza huwa juu kwa watu wengi.

Tuelewe mashine inafanya nini. Inajaza hewa hadi mshipa ubanwe, kisha inaachia taratibu. Damu ikianza kupenya, mshipa unatikisika na mtikisiko unarudi kwenye mkanda. Sensa inausoma. Mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko wote, hapo ni karibu na presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini zinakokotolewa kutoka hapo kwa fomula ya mtengenezaji, na kila mtengenezaji ana yake. Ndiyo maana mashine mbili nzima zinaweza kupishana alama kadhaa. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio wapime mara tatu na kuchukua wastani, kwa sababu fomula hizo zinategemea mapigo yanayofuatana vizuri.

Dalili za ubovu ni nyingine. Pampu inanguruma muda mrefu bila kubana: tafuta mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea pale mpira unapoingia kwenye mashine. Inazima katikati au inaleta kosa mara kwa mara: badilisha betri zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Mkanda unaachia wenyewe: zile nyuzi za kunatisha zimejaa pamba na vumbi, zisafishe kwa mswaki mkavu.

Kabla ya kununua, angalia kama modeli hiyo hasa imehakikiwa. Orodha ya STRIDE BP, ya mashine za presha zilizohakikiwa, iko wazi mtandaoni. Kiwango cha kimataifa ISO 81060-2 kinataka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 85 dhidi ya kipimo cha stethoskopu. Chapa kuwa maarufu hakutoshi. Mashine za kifundo cha mkono zinafaa pale mkono wa juu umekataa mkanda wowote, na hapo kifundo kishikwe usawa wa moyo. Programu ya simu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera usiitumie kuamua jambo lolote la dawa.

Kisha mara moja kwa mwaka ibebe mashine kliniki, ilinganishwe na yao kwenye mkono ule ule, kwa zamu, mara mbili au tatu. Ukishaona zinakubaliana, wasiwasi mwingi unaisha wenyewe.

---

#5 Asiyeshawishika

Naheshimu michango, lakini nina shaka. Zamani watu walisubiri kliniki na maisha yalienda. Leo mtu mzima wa afya anaamka na kuangalia saa imwambie kama amelala. Je, hatujengi jamii ya wagonjwa wasioumwa?

---

#6 Kikokotoo

@Asiyeshawishika hoja yako ina uzito kwenye saa, haina uzito kwenye presha. Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Wapo ambao kliniki wako kawaida na nyumbani wako juu, na wapo wa kinyume chake, ambao namba inapanda kwa sababu tu ya kumwona mhudumu wa afya. Kundi la kwanza linakosa dawa linayoihitaji, la pili linaweza kupewa isiyohitajika. Kipimo cha nyumbani ndicho kinachowatofautisha.

Kwenye usingizi nakubaliana nawe karibu kabisa. Maabara ya usingizi inasoma mawimbi ya ubongo, macho na misuli. Saa inasoma mkono unavyotulia na moyo unavyopiga, kisha inakisia. Muda wa jumla wa kulala inakaribia ukweli, ingawa mtu aliyelala macho bila kujigeuza inamhesabu kuwa amelala. Mgawanyo wa usingizi mzito na mwepesi ni makisio dhaifu. Mwaka 2017 watafiti wa usingizi walieleza wagonjwa waliofika kliniki wakiamini wanalala vibaya kwa sababu ya namba za kifaa, na hata baada ya kipimo cha maabara baadhi yao waliendelea kuamini kifaa. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri ni mmoja: zima kipengele cha usingizi, au tazama wastani wa wiki na kamwe usitazame alama ya usiku mmoja asubuhi kabla hujajiuliza mwenyewe unajisikiaje.

Hatua 10,000 nazo zinawatesa watu bure. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee nchini Marekani uliona vifo vikipungua kadiri hatua zinavyoongezeka hadi karibu 7,500 kwa siku, kisha faida ikatulia. Aliyefika 6,000 na saa ikamwonyesha duara halijajaa hajashindwa kitu. Na kalori ambazo saa inasema umechoma usizifidie kwa chakula: makosa yake ni makubwa hata kwenye saa zinazosoma mapigo vizuri.

Kuhusu taarifa ya mapigo yasiyo na mpangilio. Utafiti wa saa ya Apple uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa na watu 419,297. Waliopata taarifa walikuwa asilimia 0.52 tu. Miongoni mwa waliotumiwa kibandiko cha kurekodi moyo na kukirudisha, asilimia 34 walionekana na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Hii haina maana kwamba wengine wote walidanganywa, kwa sababu tatizo hilo huja na kuondoka, na kibandiko kilivaliwa siku kadhaa baada ya taarifa. Maana yake kwa mtumiaji: taarifa ikija, weka miadi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), usikimbie usiku wa manane kama huna dalili. Isipokuja, haikuhakikishii moyo mzima. Na ECG ya saa inasoma mkondo mmoja kwa sekunde 30, haiwezi kugundua mshtuko wa moyo. Kifua kikiuma, usikae unabonyeza saa.

---

#7 BintiMfamasia

Naomba niseme juu ya sukari, kwa sababu hapo hisia ni kali kuliko kwenye presha. Presha ikipanda watu wanampa mtu pole. Sukari ikipanda wanamuuliza "umekula nini?" Namba inageuka hukumu. Matokeo yake mtu anaficha daftari, anaruka vipimo siku aliyokula vibaya, au anaandika namba za kubuni kabla ya kwenda kliniki. Daktari naye anapanga dozi kwa namba hizo za kubuni, na hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza.

Kwanza mjue kosa linaloruhusiwa. Kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya mg/dL 15 sukari ikiwa chini ya 100, na ndani ya asilimia 15 ikiwa 100 au zaidi. Sukari halisi ya 200 inaweza kusomeka 175 au 225 na kipimo kikawa hakina kosa. Kwa hiyo kumgombeza mtu kwa sababu jana alikuwa 162 na leo 178 ni kumwonea. (Wanaotumia mmol/L gawanyeni kwa 18.)

Kupima: nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Kidole kilichomenya tunda kinaweza kutoa namba ya kutisha, na kupangusa na spiriti pekee hakuondoi sukari yote. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako mishipa ya fahamu ni mingi. Damu ikigoma, ning'iniza mkono chini, pasha vidole joto. Usikamue kwa nguvu, kwa sababu majimaji ya tishu yanachanganyika na damu. Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone, stripu itajivuta yenyewe. Tone likiwa dogo usiongeze la pili, labda kama maelekezo ya kifaa chako yanaruhusu.

Stripu ndizo zinazoharibika kabla ya mashine. Zina kimeng'enya kinachochoka kwa joto na unyevu. Kifuniko cha kopo kina dawa ya kunyonya unyevu, kwa hiyo usihamishie stripu kwenye kontena lingine, usiziache ndani ya gari lililoanikwa juani, na andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua. Ukitilia shaka, tumia maji ya majaribio ya kampuni ile ile. Jibu liangukie ndani ya namba zilizochapwa kwenye kopo.

Upungufu wa damu unaweza kupandisha jibu, na damu nzito kulishusha. Jambo hili halitajwi vya kutosha.

Sukari ikiwa chini ya 70: gramu 15 za sukari ya haraka, kama vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, msaada wa haraka uitwe. Na sindano ya kutobolea haigawanwi, hata kwa mume na mke.

---

#8 Mgeni77

Asante sana dada. Na zile sensa za kubandika mkononi? Wengine wanazisifu, wengine wanasema zimewanyima usingizi.

---

#9 BintiMfamasia

Wote wako sahihi. Sensa inakaa siku 10 hadi 15 kulingana na aina, na inasoma sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, hivyo inachelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Hapo ndipo watu wanapojiumiza: wameshuka, wamekunywa sukari, sensa bado inasema 64, wanaongeza tena, baada ya saa moja wako 260. Kipindi hicho amini kidole.

Kengele ya usiku nayo. Ukilalia mkono wenye sensa, majimaji yanabanwa na namba inashuka kwa uongo, kisha ukigeuka inarudi ghafla. Kwenye grafu utaona shimo lenye kingo za wima. Ukiliona mara kwa mara, sensa ijayo ibandike mkono usioulalia. Mwanzo weka kengele ya kushuka 70 na ya kupanda juu kabisa, 250 kwa mfano, uishushe taratibu kwa ushauri wa kliniki. Kengele inayolia mara nane kwa usiku inaishia kuzimwa, pamoja na ile moja iliyokuwa ya maana.

Na tafadhali: saa au pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi wala sensa, achaneni nayo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja. Mtu anayepanga insulini kwa saa hiyo anacheza na uhai wake.

---

#10 fundi_sensa

Oksimita imesahaulika, na yenyewe inaleta shida ya aina nyingine: utulivu usiostahili.

Inapitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana, nanomita 660 na 940 hivi, kisha inalinganisha damu yenye oksijeni na isiyo nayo. Rangi ya kucha, kidole cha baridi, kutetemeka na jua kali vinaiharibia hesabu. Kaa dakika chache, mkono uwe wa moto, weka kidole cha kati au cha shahada, subiri mawimbi yatulie, sekunde 30 hadi 60, ndipo uandike. Namba ya sekunde tano za mwanzo haina maana. Kama kifaa kinaonyesha PI (namba ya nguvu ya mapigo ya damu kidoleni) na ni ndogo mno, mfano 0.3, damu haifiki kidoleni vizuri: badilisha kidole.

Sasa jambo zito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha 92 hadi 96. Kipimo cha damu ya ateri kilipochukuliwa, waliokuwa chini ya 88 kwa kweli walikuwa asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi, na 3.6 kwa wazungu. Melanini inanyonya sehemu ya mwanga. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, 93 isichukuliwe kirahisi. Fuata mwelekeo: mtu aliyekuwa 98 juzi na leo ni 94 huku pumzi fupi anahitaji kuonwa. Moshi wa mkaa ndani ya chumba nao unaihadaa, kwa sababu inaiona kaboni monoksaidi kwenye damu kana kwamba ni oksijeni. Mtu anaweza kusoma 98 huku anakufa.

---

#11 Nesi_wa_Zamu

Hapo kwenye oksimita niongeze kwamba ugonjwa sugu wa mapafu una mipaka yake. Wapo waliowekewa lengo la 88–92 na daktari wao. Msiwaongezee oksijeni nyumbani kwa kuona namba "ndogo".

---

#12 LindaSiri

Kuna hofu moja haijaguswa: nani mwingine anaziona namba hizi?

Mashine isiyo na Bluetooth inatunza vipimo ndani yake na haiambii mtu. Yenye programu mara nyingi inapeleka kwenye seva za kampuni. Kabla ya kukubali masharti, zima ruhusa ya mahali na ya orodha ya mawasiliano, maana kipimo cha presha hakihitaji kujua ulipo. Kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti: ingia kwenye mipangilio, futa data, kisha futa akaunti, kwa mpangilio huo. Saa ukiigawa, itenganishe na simu kwanza, halafu irudishe ilivyotoka kiwandani.

Ndani ya familia vilevile. Sensa ya sukari inaweza kurushia watu kadhaa namba. Kwa mtoto mdogo hiyo ni salama yake. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, yeye ndiye aamue nani aone. Njia ya katikati ni kushirikisha kengele ya kushuka pekee, pale programu inaporuhusu, bila grafu nzima ya kila mlo.

---

#13 Asiyeshawishika

Nimewasoma wote, nimeelewa tofauti mnayoweka. Swali la mwisho: wazee wengi wanakataa mashine ya presha kwa sababu inabana na kuuma. Kuwalazimisha si kunawapandishia presha?

---

#14 Nesi_wa_Zamu

Usimlazimishe, tafuta kinachouma. Mara nyingi ni kimoja kati ya hivi.

Mkanda mdogo: pima mzingo upya, ununue saizi inayofaa ya mashine ile ile. Kutikisika: mzee akisogea, mashine inashindwa kusoma na kujaza tena kwa nguvu kubwa zaidi, hapo ndipo inapouma kweli. Mwambie kabla haijaanza kwamba itabana kwa sekunde chache na itaachia, mkono wake ulale juu ya mto, kiganja juu, vidole vimelegea. Ngozi nyembamba: weka kitambaa chembamba kisicho na mikunjo, hakivurugi namba kwa kiasi cha kuogopesha. Kuna mashine zinazosoma wakati zinajaza badala ya wakati zinaachia, hizo hazihitaji kubana kupita kiasi na wazee wanazivumilia zaidi.

Ukinunua nyingine tafuta yenye tarakimu kubwa na kitufe kimoja. Na si lazima apime kila siku. Kama presha imetulia na dawa hazijabadilishwa, wiki moja ya vipimo kabla ya miadi inamtosha daktari. Siku nyingine zote mashine ikae kwenye boksi, betri zimetolewa kama itakaa miezi, maana betri ikivuja humo ndani inakula vishikizo na hakuna atakayejua hadi siku inahitajika.